Kiti cha Kushoto

Jumatatu, 3 Aprili

Dada amefika leo alasiri, mvua ikimsindikiza hadi mlangoni. Amekuja kupiga piano na okestra ya mjini tarehe 20 mwezi ujao, tamasha zima la muziki wa karne iliyopita, na hoteli aliyopewa ameikataa. Amechagua chumba changu cha nyuma, chenye dirisha linalotazama mapipa ya takataka. Hajalala kwangu hata mara moja tangu niolewe. Mume wangu anasema ni mapenzi ya ndugu. Mimi nasema si bure.

Jumatano, 5 Aprili

Sasa nimejua kilichomleta. Tulipokuwa tunakunywa chai alisema, bila kuinua uso, "Kitinda, nataka wewe ndiye unigeuzie kurasa."

Kitinda ni mimi. Nilizaliwa wa mwisho, na kwa Dada nitabaki Kitinda hata nikiwa na wajukuu.

Mgeuza kurasa hukaa kando ya mpiga piano, husimama ukurasa unapokaribia kwisha, hugeuza, hukaa tena. Hapigiwi makofi. Akifanya vizuri hakuna anayemwona, akikosea ukumbi mzima unamjua. Na mimi mji huu unanijua tayari: nusu ya watoto wanaopiga piano hapa nimewafundisha mimi. Sasa wazazi wao walipe kiingilio waje kuniona nikimnyanyukia dada yangu kama mhudumu.

"Wako wengi wanaoweza," nilimwambia.

"Wako. Nakutaka wewe."

Nimekubali. Heri niwe karibu nione anatafuta nini.

Jumatano, 12 Aprili

Naandika kwa sababu nikimwambia mume wangu ananicheka. Tangu aje, Dada anapitisha kiganja juu ya kila kitu: kabati, meza, ukingo wa dirisha. Anapapasa polepole kama mkaguzi wa afya anayetafuta vumbi. Leo alipojimiminia chai alitumbukiza ncha ya kidole ndani ya kikombe, kikombe changu cha wageni, kana kwamba kuna kitu kimeganda humo. Kile kikombe nilikisugua kwa mkono wangu mwenyewe. 

Kisha akanisifia gauni. "Umependeza, Kitinda. Jipya?" Nilikuwa nimevaa lile la kupigia deki, limechanika kwapani. Nikamkazia macho nione kama anacheka. Hakucheka. Anayekusimanga bila kucheka ndiye wa kuogopwa.

Jioni jirani yetu mshonaji alimpungia mkono langoni, Dada akampita kama anapita nguzo ya umeme. "Huyu dada yako ameniona kweli?" jirani akaniuliza. Nikamwambia amekuona, ndivyo alivyo, majivuno.

Jumatatu, 17 Aprili

Mvua. Darasa linavuja juu ya piano ya wanafunzi. Tumeweka sufuria.

Jumanne, 18 Aprili

Mazoezi ya kwanza. Ukumbi unanuka rangi mpya na makoti yaliyoloa. Kiongozi wa okestra ni mwanamume mfupi mwenye kipara na kijiti cheupe cha kuongozea ambacho hakiachi hata akienda kunywa maji. Wapiga fidla wanamwita Bwana Kijiti, nami nimewafuata.

Muziki wenyewe si wa kupigia mluzi. Mapigo yanabadilika kila mara, tarumbeta zinadakia maneno ambayo fidla hazijamaliza kusema, na kuna mahali piano inapigwa kwa kiganja kizima. Nimeupenda. Sitamwambia.

Mahali pa kutisha ni mwisho wa sehemu ya pili. Kila mtu ananyamaza, na mtunzi hakuandika kimya hicho ni cha mapigo mangapi. Kinadumu kadiri anavyotaka Bwana Kijiti, leo kirefu, kesho kifupi. Anasimama mkono ukiwa juu. Akiridhika, mkono unapanda tena kidogo, unashuka, na okestra nzima pamoja na piano wanaanguka juu ya sauti moja kwa nguvu zao zote. Anayetangulia anasikika hadi barabarani, anayechelewa vilevile. Pale hakuna kukariri wala kuhesabu. Ni kuutazama ule mkono tu.

Dada aliangukia mahali pake sawasawa kila tuliporudia. Hakuinua hata uso.

Kiti changu kiko kushoto kwake, kati yake na Bwana Kijiti. Nilitaka kukirudisha nyuma nisimzibie. "Sogea," alisema. "Karibu zaidi. Hapo." Mkono wa gauni langu sasa unagusa wa kwake. Anataka watu watuone vizuri wote wawili, yeye na mtumishi wake.

Jumamosi, 22 Aprili

Asubuhi ananipa simu yake nimsomee ujumbe alioletewa. Wote ni wa kumsifu. Anazo miwani mbili kwenye mkoba na mdomo mmoja mzuri tu, lakini lazima nizisome sifa zake mimi, tena kwa sauti.

Jumanne, 25 Aprili

Nimeaibika. Tamasha litarekodiwa kwa ajili ya redio, na leo baada ya mazoezi fundi sauti, mzee mpole mwenye waya shingoni, aliniita pembeni.

"Samahani, mwalimu. Wewe unapumua."

"Ulitaka nisipumue?"

"Pumua, mama, ila polepole. Kabla ya ule mshindo mkubwa vipaza sauti vinakunasa kama pampu ya baiskeli."

Si jambo jipya. Mimi na Dada tulifundishwa na mwalimu mmoja, benchi moja, na kabla ya kila mshindo nilikuwa navuta pumzi kwa sauti. Mwalimu alikuwa akisema nimekaa kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Dada alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Nilidhani yameisha.

Ijumaa, 28 Aprili

Siku mbaya kuliko zote.

Nilibana pumzi kama nilivyoombwa. Kimya kikafika, mkono wa Bwana Kijiti ukakaa juu, ukapanda, ukashuka, okestra ikaanguka. Dada akabaki. Alikuja peke yake nyuma yao, kama mgeni anayeingia watu wameshanawa mikono. Bwana Kijiti akagonga kijiti chake, wakarudia. Akachelewa tena. Waliporudia mara nyingine akawatangulia, na huko ndiko kubaya zaidi, maana ule mlio wa piano ulining'inia hewani bila mwenyewe. Mpiga filimbi akatazama viatu vyake.

Dada hakumgeukia Bwana Kijiti. Alinigeukia mimi.

"Leo una nini?" Mbele ya watu wote.

"Mimi? Mimi nimegusa piano?"

Tulirudi kwa miguu, mwavuli mmoja, mvua ya upande. Alinishika mkono juu ya kiwiko kama askari anavyomshika mtuhumiwa, akanibana hivyo njia nzima. Tulipofika langoni akasema, "Usibane pumzi, Kitinda. Inanikera."

Nikipumua, napigwa vita. Nisipopumua, napigwa vita. Fundi sauti na Dada wamekula njama, au mmoja wao anacheza na akili yangu. Na nimeng'amua jingine nililokuwa nimelipuuza: anakosea, kisha anatafuta wa kumtupia. Tarehe 20 akiharibu, watu watasema nini? Watasema ni yule mgeuza kurasa. Ndiyo maana alinitaka mimi na si mwingine.

Jumanne, 2 Mei

Hatusemeshani ila kwa mambo ya chumvi na sabuni.

Alhamisi, 4 Mei

Nimemtega. Katika sehemu ya kwanza, pale nilipotakiwa kugeuza ukurasa mmoja, nilishika miwili pamoja nikageuza. Mtu anayesoma angeduwaa, angenipiga kiwiko, angalau angekunja uso. Dada aliendelea kupiga bila kutetereka, macho yameelekea kwenye ukurasa usiokuwa wake. Nikaacha hivyo hivyo hadi mwisho. Hakuna kitu.

Kwa hiyo hasomi. Muziki wote ameukariri, na mimi nanyanyuka na kukaa pale bure kabisa. Kumbe kiti changu ni pambo la kunidhalilisha, basi.

Nilimweleza mume wangu, safari hii hakucheka. "Muulize," alisema.

"Nimuulize ili anidanganye?"

"Nyinyi mkifungiwa chumba kimoja mtashuku hata vivuli vyenu." Akarudi kwenye gazeti lake.

Jumanne, 9 Mei

Nimemwaga mtama. Nilikwenda ofisini kwa Bwana Kijiti, nikafunga mlango, nikamwambia dada yangu hasomi karatasi zile. Nilitaka aseme basi, mwalimu, pole kwa usumbufu, rudi zako nyumbani ukapumzike. Hakuuliza sana. Alizungusha kijiti chake vidoleni.

"Kama hasomi, mgeuza kurasa wa nini? Kile kiti kinanizibia hata mimi. Kesho hakitakuwepo."

Nikashukuru. Nilishuka ngazi nikijiona mwepesi. Nilipofika chini wepesi ule ukawa umeshaisha, sijui kwa nini.

Alhamisi, 11 Mei

Haya ni ya jana na leo, niandike yote nisije nikayapamba baadaye.

Jana kiti hakikuwepo. Nilikaa katika viti vya wasikilizaji nikajitia hamnazo. Dada aliingia kwa kuguswa bega na mpiga fidla wa kwanza, akakaa, akanyoosha mkono wa kushoto pale ninapokaa siku zote. Mkono ukashika hewa. Ukabaki hapo kidogo. Kisha akaurudisha mapajani na kusema kwamba vidole vimekakamaa, hatapiga. Bwana Kijiti akatazama saa, kisha akanitazama mimi kule chini. Akasema kama vidole havitafunguka kufikia Jumatatu, yuko mpiga piano mwingine anayeujua muziki huu na ataitwa.

Leo mchana alinikuta jikoni. Mvua ilikuwa inapiga bati la kibanda cha nje. Alivuta kiti, akakipapasa kwanza, akaketi.

"Ni wewe uliyemwambia."

"Ni mimi. Huzisomi zile karatasi. Nimekutega, nimejua."

"Sizisomi," akasema. "Sizioni."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Ukurasa kwangu ni kitu cheupe chenye ukungu katikati. Uso wako pia. Pembeni bado naona kidogo, ndiyo maana sijaanguka kwenye ngazi zako. Lakini taa za jukwaa zikiwashwa, hata pembeni kunakuwa weupe mtupu. Daktari amesema kuona hakutarudi. Huyo Kijiti wenu sijawahi kumwona. Ni mrefu?"

"Mfupi. Ana kipara."

"Ana sauti ya mtu mrefu."

Kidole ndani ya kikombe. Kiganja juu ya kabati. Gauni la kupigia deki. Jirani langoni. Yote yalinijia kwa mkupuo, nikakaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa maana kiti kingine hakikuwepo.

"Sasa pale penye kimya," nikasema, "unaangukaje pamoja nao?"

"Kwa pumzi yako. Mkono wa kiongozi ukipanda, wewe unavuta. Ulikuwa hivyo tangu kwenye lile benchi, hujui kama unafanya. Pumzi ikikatika, naanguka. Hujawahi kunikosesha, ila siku ile ulipobana."

"Ungeniambia, Dada!"

"Ningekuambia ungenihurumia. Anayekuhurumia anakutazama nusu, nusu nyingine anafuta machozi. Wewe unanishuku. Tangu tukiwa wadogo hakuna aliyekaa macho kama wewe, ukingoja nikosee, na mwalimu akinyanyua mkono wewe wa kwanza kuuona. Nilihitaji mtu wa hivyo." Akacheka kidogo, kisha uso ukamwanguka. "Wakijua, wataniondoa. Wasiponiondoa, watu watakuja kumtazama kipofu. Nataka mara hii moja, hapa nyumbani, waje kusikiliza."

Nililia. Nilikuwa na aibu, na nilikuwa na hasira pia, sitaficha, kwamba hata kumshuku kwangu alikuwa amekupangia kazi.

"Ubaya ni kwamba sasa umejua," alisema. "Ukijua unanipumulia, utapumua kwa uongo."

Ijumaa, 12 Mei

Nimerudi kwa Bwana Kijiti kwa uso wa mbuzi. Nikamwambia ya Jumanne yalikuwa wivu wa ndugu.

"Sikuulizi kama ni wivu. Nauliza kama ni uongo."

"Bila kile kiti hapigi," nilisema. "Amezoea."

Alinitazama. "Nyinyi wawili mna lenu jambo. Kiti kitarudi. Lakini siku hiyo nitakuwa nawaangalia."

Jumapili, 14 Mei

Tumefanya mazoezi sebuleni. Mume wangu tumemwambia, na ndiye Bwana Kijiti wetu, anaongoza kwa mwiko wa jikoni. Anauinua, anaushusha, mimi navuta pumzi, Dada anapiga mezani kwa viganja. Hatukupatana hata mara moja.

"Hiyo ya uongo," anasema Dada. "Hiyo pia. Hiyo umeanza kabla yake."

Jumanne, 16 Mei

Ukumbini ilikuwa hivyo hivyo. Alichelewa, kidogo tu. Bwana Kijiti hakusema neno, na kutosema kwake sikukupenda.

Alhamisi, 18 Mei

Bado. Sijalala vizuri. Sijui tena mtu hupumuaje.

Jumapili, 21 Mei

Jana.

Mvua ilianza watu wakiwa mlangoni, ukumbi ukajaa miavuli. Niliwaona wazazi wa wanafunzi wangu, safu baada ya safu. Dada alinishika juu ya kiwiko, tukatoka pamoja, na kwa mara ya kwanza sikujali tunaonekanaje. Nilimfikisha, akaketi, mkono wake wa kushoto ukagusa kiti changu, ukatulia.

Sehemu ya kwanza alipiga kama mtu anayegombana na anayempenda. Niligeuza kila ukurasa mahali pake, nikasimama na kukaa, kwa ajili ya watu. Sehemu ya pili ni ya polepole, na humo nikaanza kuogopa. Kila ukurasa ulitusogeza karibu na kile kimya. Nikajiambia: usifikirie. Nikafikiria. Nikajiambia: vuta akivuta. Nikajisikia kifua kizito kama gunia.

Kimya kikaingia.

Bwana Kijiti alisimama mkono juu. Hakuwa anaitazama okestra. Alikuwa anatutazama sisi, mimi na Dada, macho ameyabana, akaukawiza ule mkono kupita alivyowahi kuukawiza. Mtu akakohoa huko nyuma. Mkono haukuteremka. Ndipo nikamwelewa. Anatutega, nikasema moyoni. Mtu huyu anatutega kama nilivyomtega dada yangu, anataka kuona nani atajikwaa. Damu ikanichemka. Nikamsahau Dada, nikasahau kifua changu, nikamkazia macho yule mtu mfupi kwa shuku yangu yote, ile niliyokuwa nayo tangu utotoni. Nilitazama kifundo chake cha mkono tu. Jaribu, nikamwambia kimoyomoyo. Jaribu tu nikuone.

Kifundo kikapanda.

Sikuamua kitu. Nilisikia pumzi yangu, kubwa, ya aibu, ya mtu anayepiga mbizi, na kabla sijaionea haya, piano na okestra nzima vilikuwa vimeshaanguka pamoja, na sakafu ilikuwa inatetemeka chini ya viatu vyangu.

Sehemu ya tatu sikumbuki vizuri. Nakumbuka Dada alikuwa anatabasamu.

Watu walisimama. Bwana Kijiti alikuja kumbusu Dada mkono, kisha, bila mtu kumtuma, akanipa mimi mkono wake pia. "Mwalimu," alisema, basi. Sijui anajua nini. Sikumuuliza, na yeye hakuniuliza.

Alhamisi, 25 Mei

Mvua imekatika tangu juzi. Dada anaondoka Jumamosi, mume wangu atampeleka. Asubuhi alijimiminia chai, kidole kikombeni, nami nikamsogezea sukari.

Mchana fundi sauti alinipigia simu. Rekodi imetoka safi, ila ile pumzi ipo, kubwa, kabla ya ule mshindo. "Lakini usijali, mwalimu. Nina mashine ya kuifuta. Hakuna atakayejua kwamba ulikuwepo."

Nikafunika simu kwa kiganja, nikamwambia Dada.

Aliacha kula. Alinigeuzia uso, akautafuta wangu, akaukosa kidogo.

"Mwambie asiiguse," alisema. "Muulize kama anaweza kuiongeza sauti."